Wino wa Kujazia

Njombe, 9 Januari 2024

Shemeji Lukas,

Kamwene. Habari za Makambako, studio inakwendaje? Huku tu wazima, mwanangu Brightness hajambo, mvua inanyesha kutwa na mahindi yanapendeza. Wewe bado unaishi kwa chipsi za stendi? Oa basi, utakwisha.

Nimeamua kuandika na kumpa konda, kwa sababu simu yangu humu ndani kila mtu anaipokea, na hili naona haya hata kulitamka. Picha ya kaka yako imeharibika. Ile uliyotuchapia wakati wa msiba wake. Suti nyeusi imekuwa ya kijani, midomo haionekani, na macho nayo yanakwenda. Haijafika hata miaka miwili, na wewe ulisema wajukuu wataikuta.

Mkesha wa Krismasi niliipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Labda ndiyo nimemharibu mwenyewe. Niambie nifanyeje kabla mama mkwe hajaja. Unamjua, akiingia tu anamsalimia kwanza Wiliam ukutani, sisi wengine baadaye.

Shemeji yako,
Modesta

*

Makambako, 20 Januari 2024

Shemeji Modesta,

Kamwene sana. Nafurahi kusikia mko salama. Mimi nadunda, na chipsi hazijamwua mtu.

Pole kwa picha. Lakini picha hizi za printa ya wino zina masharti yake na watu wengi hawayajui. Hazipendi jua, kwa hiyo ukiitundika mkabala na dirisha umeiua. Hazipendi moshi wala unyevu, na ukungu wa Njombe unaingia mpaka sebuleni. Inatakiwa fremu ya kioo, karatasi isigusane na kioo maana itanata. Unaishika pembeni, mikono mikavu. Nakala ya pili unaiweka kwenye bahasha, kabatini, gizani. Ukifanya hivyo picha inakaa miaka na miaka.

Ila kitambaa chenye maji, hapana shemeji! Hapo umemnawisha kaka mpaka amekwisha.

Usihofu, faili ninalo. Nikipata nafasi nitachapa nyingine.

Shemeji yako,
Lukas

*

Njombe, 17 Februari 2024

Shemeji Lukas,

Salamu. Hatujambo kiafya, ila mimi usingizi umenipaa.

Barua yako konda aliileta mama akiwa hapa. Alikuwa ameshaiona picha na ameshanuna. Akamwambia baba mkubwa Joackim amsomee, naye akasoma yote kwa sauti, mpaka pale pa kumnawisha. Mama akasema, "Nimesikia. Amepata mwingine huyu, ndiyo maana mwanangu anaoshwa."

Sasa maneno yako yamefika kanisani. Nikikaa kwenye benchi, wenzangu wanasogea. Wanamtaja hadi fundi aliyekuja kuziba bati, mzee wa watu mwenye wajukuu! Namwona Brightness anasikiliza, anajifanya hasikii.

Wewe ndiye mwenye ufundi, nakuuliza wewe. Kitambaa kimoja, mara moja, kinaweza kumfuta mtu hivyo? Kama kosa ni langu, nitapiga magoti kwa mama. Ila niambie ukweli.

Shemeji yako,
Modesta

*

Makambako, 25 Machi 2024

Shemeji Modesta,

Hamjambo? Barua yako imekaa mezani kwangu wiki tano. Naifunika kwa karatasi, naifunua, naifunika tena.

Kosa si lako, ni wino. Wakati ule nilikuwa najaza printa kwa sindano, wino wa chupa wa bei chee ambao kwenye mwanga haumalizi miaka miwili. Na nilijua. Dorika wa Kitandililo alikuwa ameshanirudishia picha za harusi yake zikiwa za kijani hivyo hivyo, kabla Wiliam hajafariki. Nilikuwa na wino mzuri, usioyeyuka kwa maji, na karatasi nzuri, nikaviweka kwa ajili ya wateja. Kaka yangu mwenyewe nikamchapa kwa ule wa chee, nikajisemea hawa ni wa nyumbani, hawatadai. Kitambaa chako kilimalizia kitu kilichokuwa kinaondoka.

Naona aibu, shemeji. Hata ule utani niliuandika ili usiniulize zaidi.

Nakuja kwenye kipaimara cha Brightness tarehe 14 Aprili. Nitasimama mbele ya mama na baba mkubwa niseme yote.

Shemeji yako,
Lukas

*

Tandala, 2 Mei 2024

Lukas,

Natumaini u mzima. Nakuandikia kutoka kwetu.

Ulikuja, na ulipendeza. Ulileta picha mpya ndani ya kioo, watu wakapiga vigelegele. Mama akakukumbatia akasema afadhali Wiliam ameacha mdogo anayemjali. Nikakutazama. Ukasema, "Asante, mama." Halafu ukaomba uongezwe nyama.

Mama akasema picha haina usalama nyumbani kwangu, ikae kwake. Ukaibeba wewe, mbele ya wageni, mbele ya mwanangu aliyevaa gauni lake jeupe.

Barua yako ya Machi ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mara mbili niliishika niitoe. Nikakuonea aibu wewe, ulivyokuwa unacheka pale, nikaiacha. Heri ningeitoa.

Nimefunga nyumba, Brightness atasoma huku. Usinijibu.

Mama Brightness

*

Njombe, 12 Mei 2024

Mama Brightness,

Ulisema nisikujibu. Hili si jibu, ni taarifa.

Leo baada ya ibada nimesema, nyumbani kwa mama. Baba mkubwa alikuwepo, na wale akina mama wa benchi lako nilikwenda kuwaomba mmoja mmoja waje, wakadhani ni mambo ya posa. Nimesema wino, sindano, Dorika, na kwamba nilijua. Nimesema pia kuwa tarehe 14 nilikuja kusema, nikaona mama anafurahi, nikauchuna. Hakuna aliyenisaidia, na sikustahili.

Nilitegemea mama anipige. Hakunigusa. Alisukuma kikombe chake cha chai pembeni, akauliza, "Mkwe wangu anakula kwa nani?" Nikamwambia uko Tandala. Akaanza kufunga maharage na unga wa kuja navyo.

Tunasafiri kesho asubuhi. Barua hii nampa konda wa gari la mchana huu itutangulie. Mama amesema tukifika mimi nibaki barabarani, mlangoni kwenu anakwenda yeye peke yake, kwa sababu ana lake la kukuomba.

Nitabaki. Usiponiita sitalaumu. Ila yeye mfungulie, siku hizi magoti yanamsumbua na hawezi kusimama muda mrefu.

Lukas, mdogo wake Wiliam