Karatasi Iliyosema "Hakuna Mabadiliko"

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamrushia mtu mkasi.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili, na mwaka wa tatu huu naishi na MS, ugonjwa ule ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kushambulia mishipa ya fahamu, basi mwezi uliopita nikaingizwa tena kwenye mashine ya MRI kupigwa picha ya ubongo, nikapewa bahasha dirishani na kuambiwa daktari wako yuko likizo, nenda nayo tu nyumbani, nami kosa langu nikampa wifi yangu aisome kwa sababu yeye ni karani wa mahakama na Kiingereza hakimpigi chenga, akasoma mbele ya mume wangu na mama mkwe: "Madoa tisa. Hakuna mabadiliko tangu picha iliyopita."

Mama mkwe akashika kichwa. "Tisa! Mwanangu kaoa maiti!"

Wifi akacheka. "Maiti gani, mama? Hakuna mabadiliko, yaani hana kitu. Anakwepa kazi tu."

Mume wangu, niliyedhani atanitetea, akasema, "Miaka miwili ya sindano na hakuna kilichobadilika? Basi dawa haifanyi kazi. Achana nayo."

Nikaacha, mshauri. Wiki ya tatu leo. Tangu juzi mguu wa kushoto una ganzi, nashindwa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, nao wananiambia nadeka. Mimi ni mzima au ni maiti?

Fundi Niliyechoka

*

Dada fundi, pole. Nimesoma barua yako nikainuka, nikazunguka meza, nikaketi tena, na hasira bado ninazo. Nyumba nzima imekuwa jopo la madaktari, mgonjwa ndiye hakuulizwa!

Mimi si tabibu, kwa hiyo nilimuuliza daktari wa mishipa ya fahamu, naye alifoka kunizidi. Madoa yale ni alama za mashambulizi yaliyopita. "Hakuna mabadiliko" si kupona, wala si dawa kushindwa. Ni kwamba hakuna doa jipya lililoonekana. Dawa yako kazi yake ni kuzuia mapya, si kufuta ya zamani. Mumeo amemfukuza mlinzi eti kwa sababu mwizi hakuja! Na idadi ya madoa haipimi uchovu wa mtu. Wifi yako ajue kusoma Kiingereza si kusoma ubongo.

Wewe nawe sikuachi. Ulikubalije kuachishwa dawa na mtu asiyeijua hata jina?

Leo hii nenda kliniki. Sema umeacha dawa wiki tatu na ganzi imeanza juzi. Usijidunge kabla hawajakuelekeza namna ya kuirudia. Daktari wako akiwa likizo, mwone mwingine, na usitoke pale mpaka akuwekee picha mpya kando ya ile ya zamani akueleze. Mchukue mumeo akasikie kwa masikio yake. Akikataa, mwache aketi. Nenda peke yako, maana ubongo huo ni wako na hauna wa akiba.