Akaunti ya Shangazi

3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Goti linasemaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu barua pepe za hapa kazini siziamini tena, na nikikupigia unasema mboga zinaungua.

Ni hivi. Kuna mtu anaingia kwenye kompyuta zetu. Saa saba mchana, wote tukiwa tunakula, faili la vipimo linafunguliwa. Vipimo vya kila mguu wa bandia tuliowahi kutengeneza, Shangazi, kazi yako ya miaka ishirini na miwili. Nimewabadilishia wafanyakazi wote maneno ya siri, nimesasisha programu, nimebandika karatasi hadi mlango wa choo: usifungue kiambatisho usichokitarajia. Mpiga plasta wetu wa miguu ameuliza kama choo nacho kimeingia virusi. Orodha ya wanaoingia nimeipitia jina kwa jina. Hakuna mgeni.

Fundi Mkuu amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nisipompata huyo mtu, analeta kampuni, na mimi narudi kuuza kava za simu. Anasema aliyejifunza kompyuta kwa video huenda video zimemwishia.

Mwanao,
Chapchapu

7 Machi

Marahaba Chapchapu,

Goti linasema linataka kukaa. Na mboga haziungui, ni wewe ukiongea hupumui.

Usiogope sana. Mimi kila asubuhi na chai yangu nafungua orodha ya wagonjwa wa siku, kwa ile akaunti yangu uliyoniachia, naangalia nani anapata mguu. Hasa yule binti niliyempima tangu ana miaka minne. Kila kitu nakiona kiko sawa.

Halafu nina swali, swali tu. Mtu akipigiwa simu na fundi wa kompyuta mwenye adabu zake, akaombwa neno la siri ili likaguliwe, akampa, hilo ni kosa kubwa? Jirani yangu anauliza.

Shangazi yako

10 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole na goti. Naandika mbiombio. Mwambie jirani hakuna kosa kubwa kama hilo. Fundi wa kweli hakuombi neno lako la siri, hata awe na adabu za mkwe. Angekuwa wa kwetu, Fundi Mkuu angemtoa getini na kiti chake. Alibadilishe leo leo. Jirani yupi lakini? Wa kushoto hana hata kompyuta.

Mimi jana nimenakili vipimo vyote kwenye diski, nikaichomoa, nikaifungia kabatini. Moyo hautulii.

Mwanao,
Chapchapu

18 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mzima kweli? Barua hujajibu, simu hupokei.

Juzi saa saba na robo mafaili yote yalifungwa. Skrini nyekundu kila chumba, na ujumbe wa wezi wanaotaka walipwe ndipo wayafungue. Nilichomoa nyaya zote, hata ya redio ya mpiga plasta. Hatulipi. Diski ya kabatini imerudisha karibu kila kitu. Waliopimwa baada ya mimi kunakili, watu kumi na mmoja, tunawaita upya.

Nikasoma ile orodha tena, polepole safari hii. Aliyeingia ni wewe. Saa mbili asubuhi wewe, saa saba mchana wewe. Wiki nzima nililiona jina lako nikaliruka, kwa kuwa ni la kwetu. Ile akaunti nilitakiwa kuifunga tangu siku ya kwanza kazini. Uliniomba, nikaiacha. Neno lake la siri nimelibadilisha leo.

Jirani ni wewe, Shangazi? Ripoti inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kalamu ninayo, cha kuandika sina.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu Chapchapu,

Goti zima. Kilichobaki ndicho kinauma.

Ndiyo, ni mimi. Yule aliyepiga simu alisema umemtuma wewe. Alikuita Chapchapu, nami nikajua ni mtu wako. Kumbe jina hilo unaliweka chini ya kila barua pepe, na alikuwa anazisoma. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tatu. Niliisoma nimesimama. Nikasema kesho nitakupigia nikwambie. Nikasema hivyo siku tatu, mwanangu, na simu iko mkononi.

Andika jina langu lote, la kwako liache nje. Mimi nimeshastaafu, saa ya ukutani waliyoniaga nayo hawatakuja kuing'oa.

Shangazi yako

30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimeandika majina mawili. Lako kwa kutoa neno la siri, langu kwa kuacha mlango wazi. Fundi Mkuu ameisoma ripoti mara mbili, akaniuliza kama sasa anayeondoka anafungiwa akaunti siku hiyohiyo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kafanye kazi." Hadi lini hakusema, na mimi sikuuliza.

Akaunti yako nimeifunga leo asubuhi. Ni kazi ya dakika moja. Imenichukua nusu saa.

Habari za wagonjwa haziruhusiwi kutoka nje, hata kwako, na sheria hiyo nimeiandika mwenyewe. Ila katika wale kumi na mmoja kuna mmoja, simtaji, amerudi leo na mama yake. Ameongezeka sentimita tatu tangu kipimo chako cha mwisho. Ameuliza yule mama wa vipimo yuko wapi.

Nikamwambia anauguza goti.

Pokea simu.

Mwanao,
Chapchapu