Benchi la Akina Mama

Mdogo wangu Elia,

Hapa Moshi mlima umejifunika mawingu, na mgongo wangu umechoka kwa kukata miwa. Shemeji kaniambia bado hutaki kwenda naye kliniki kuchukua dawa za UKIMWI. Sikia.

Jana nilifuata zangu. Benchi zima wanawake watupu! Mama mmoja akayaona mabuti yangu: "Fundi, majani ya kufyeka yako kule nyuma!"

"Mama, nimefuata vidonge kama ninyi."

Wakacheka mpaka machozi, wakasogea kunipa nafasi. Yule mama akanimiminia mtori, supu ya ndizi, kutoka chupa yake: "Kunywa, baba. Wanaume wetu wanasubiri mpaka wabebwe."

Nenda na mkeo, Elia. Nataka nikirudi nikukute umenenepa, unanibishia kama kawaida.

Kaka yako anayekupenda,
Yona