Funga Mlango, Baridi Inaingia

Linah, nimetoka tu kuona ile muvi ya kile kitabu cha kutisha. Bado nimesimama hapa nje ya sinema.

Kuna msichana anatumwa chumvi ndani ya nyumba, siku ya matanga, watu wote wako nje kwa moto. Anapata nyanyake ameketi jikoni, na walimzika jana! Nyanya anamwambia, "Funga mlango, baridi inaingia."

FUNGA MLANGO, BARIDI INAINGIA!

Si hivyo ndivyo nyanya yangu aliniambia, siku moja baada ya kumzika? Hata mama hajui. Nilikuambia wewe tu, kwako Kapsoya.

Na huyo mwandishi eti anatumia jina bandia.

Nilipokuita twende ukasema unajua vile inaisha. Wewe, mtu hujawahi kumaliza hata gazeti?

Naona umesoma. Mbona unaandika ukifuta?