Kipimo Changu ni Mama

Dada yangu,

Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Bado nashona hapa nyumbani aproni za kazi za mtindo wa kizamani, kama ile ya babu mhunzi. Safari hii wateja wamezirudisha, eti zinabana. Nikalaumu kitambaa. Mama akacheka: "Wamenenepa hao!"

Unajua mimi na futi hatupatani. Kipimo changu siku zote ni Mama, bonge letu. Jana nikamvika aproni ya kwanza niliyomshonea ukiwa bado hapa. Mikanda iliyokuwa haitoshi hata kupiga fundo ilimzunguka mara mbili. Nakula naye kila siku, sikuona.

Anasema haumwi popote.

Njoo, dada. Naogopa kumpima tena.

Mdogo wako