Nyuma ya Kitambaa: Kwa Mama Yetu, Rhona Petrie

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya ukungu hapa Arbroath. Hata sentensi hii tumeiandika kwa hofu. Baba amekwenda kutazama cheti cha kifo mara mbili, asije akakosea tarehe ukamsuta huko uliko.

Ulikuwa mpole kwa watu, ila kwa habari isiyo na shahidi hukuwa na huruma. Miaka yako yote pale makumbusho ya mji ulihakiki vitambaa vya herufi, vile walivyodarizi wasichana wa zamani wakijifunza sindano, na mwishoni wakatia herufi za majina ya jamaa zao. Chai yako ilipoa mezani, samaki wako wa moshi akaliwa na paka, nawe umeinamia kitambaa na lenzi. Swali lako tulilizoea kama salamu: "Nani kasema?"

Tunakumbuka siku Bwana Nairn, mwenyekiti wa makumbusho, alipokuletea kitambaa cha msichana mmoja wa zamani, Betty Cargill. Chini kabisa palikuwa na J.C., herufi za mdogo wake Jean, kwa uzi mweusi.

"Rhona, dada yangu, weusi ni msiba. Mtoto alikufa. Kila mtu Scotland anajua hilo."

"Kila mtu ndiye nani? Anakaa mtaa gani nikamuulize?"

"We mwanamke utanizeesha!"

"Ulishazeeka, Sandy. Kaa unywe chai."

Mlicheka, lakini hukukubali. Vitabu vya kanisa vilimtaja Jean siku ya ubatizo, basi. Kaburi lake hukuliona, wala ndoa yake. Ukiwa kitandani hospitali ulitushika mikono ukasema, "Mbele ya kitambaa hupigwa jua na moshi. Ukweli uko nyuma. Msiwaache wachape kabla hawajageuza."

Ukaondoka. Bwana Nairn akataka kuchapa maelezo kwamba Jean alikuwa marehemu, na jina lako chini yake, kwa heshima. Kitambaa kilikuwa kimepigiliwa ubaoni kwa misumari iliyoshika kutu. Kukitoa, kingeweza kuchanika. Kukiacha, jina lako lingebeba neno usilolithibitisha. Tulihangaika, Mama, usingizi ukatupaa. Baba alisema, "Tukikichana, atafufuka atugombeze." Hakuna aliyecheka.

Mwishowe tulimwita fundi wa vitambaa kutoka Dundee. Aling'oa msumari mmoja mmoja. Bwana Nairn alishindwa kutazama, akatoka nje. Kitambaa kikageuzwa, kizima. Kwa nyuma, J.C. ilikuwa ya kijani, kijani kile kile alichotumia Betty kwa herufi zake mwenyewe. Jean alikuwa hai siku aliyodariziwa. Aliyemuua ni moshi wa makaa na maneno yetu.

Bwana Nairn alivua kofia. "Ningemzika mtoto mzima," alisema, akalia mbele ya watu.

Sasa Eilidh, mjukuu wako, anadarizi kitambaa cha ukoo wetu. Herufi zako, R.P., za jina la kwenu kama ilivyo ada ya wanawake wa hapa, aliziacha mwisho. Uzi mweusi alikataa kuugusa. "Nani kasema Bibi kafa?" alituuliza sote, watu wazima.

Juzi alizishona, kwa weusi. Alipomaliza tulikigeuza kitambaa, Mama, kama ulivyotufundisha, tukitumaini kama wajinga.

Nyuma pia ni nyeusi.

Unakumbukwa na mumeo Walter Geddes, wanao Ishbel na Colin, mkweo Fergus, mjukuu wako Eilidh, dada yako Netta, na Bwana Nairn, aliyeomba naye awemo.

Tutakukumbuka siku zote. Kwa hili, Mama, usituulize nani kasema.