Nyasi Iliyoota Kwenye Gogo Lako

Mjomba,

Nimeketi kwenye gogo lako, hapa msituni, nakuandikia.

Nianze na kosa langu, maana hukupenda mtu azungukezunguke. Wiki tatu baada ya kukuzika, ofisi ya misitu ya mjini iliandika kwamba inataka kukata miti kuanzia kijitoni hadi hapa, barabara ya magogo ipite. Kama kuna mmea wa maana, tupeleke ushahidi. Nani mwingine angepeleka? Wewe ndiye uliyenifundisha kukausha mimea, na mimi ndiye niliyerithi mbao zako za kubania na magazeti yako makuukuu.

Nilichuma ile nyasi yetu ya kivulini. Ile uliyosema ukoo wake ulijitenga na nyasi nyingine zamani mno, kabla hata mahindi na miwa ya mashamba ya Kabras havijaachana njia. Unajua nilichofanya? Niliyanyoosha majani. Kila jani linalojigeuza, upande wa chini ukatazama juu, mimi nililigeuza "vizuri". Vikonyo vilivyojipinda nikavikata, karatasi ipendeze, nikaipeleka mjini.

Kosa lilelile la siku yangu ya kwanza! Siku ile ulininunia hadi jioni, halafu ukasema, "Hiyo nyasi inalalanga hivyo. Nani amekutuma umrekebishe Mungu?" Nilicheka sana. Safari hii sikucheka.

Jibu lilikuja: nyasi ya kawaida tu, chakula cha ng'ombe. Kesho yake miti ikapigwa rangi nyekundu, hata ule mkubwa ambao wewe ulikuwa ukijikinga mvua chini yake. Nilikwenda mjini nikalia mbele ya karani bila haya, mpaka bwana mmoja wa ofisi akakubali kuja Alhamisi ajionee. "Usiponionyesha kitu, Ijumaa misumeno inaingia," alisema.

Jana, Jumatano, nikashuka kijitoni, pale nilipoichuma ile nyasi. Vibarua wa kufyeka mpaka walikuwa wamenitangulia. Palikuwa peupe, Mjomba. Hata shina moja halikubaki. Niliwakasirikia wao, nikajikasirikia mimi, nikakukasirikia na wewe, kwa kufa kabla ya kuniambia kama iko mahali pengine. Nisamehe.

Nikaja kukaa hapa kwa uchovu tu. Unakumbuka mkeo, Mama Violet, alivyokukataza kuingia nyumbani na zile mbegu za nyasi yetu zinazonata? "Hizo vitu zako zitalala nje, na wewe pia!" Basi kila jioni ulikaa hapa ukizibandua kwenye suruali, moja moja, ukilalamika kama mtoto aliyenyimwa chai. Niliinamisha kichwa nilie, nikaiona. Imezunguka gogo lote. Majani yote yamejigeuza, kila moja. Nilipiga kelele peke yangu, nyani wakakimbia.

Usiku sikulala. Nikijua ng'ombe mmoja tu akipotea njia, basi.

Leo asubuhi yule bwana wa ofisi alikuja, na mpiga rangi wa miti nyuma yake. Sikugusa kitu. Alichuchumaa, akaligeuza jani kwa kidole, upande wa juu ukaja juu. Akaliachia. Likarudi. Akaligeuza tena, akalishikilia kwa muda. Akaliachia. Likarudi vilevile. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akamwambia yule mpiga rangi, "Hapa hapana. Tafuteni njia nyingine."

Nilitaka kukimbia nije nikuambie. Nilifika hadi kwenye ua wako ndipo nikakumbuka.

Kwa hiyo nimerudi hapa kukuandikia. Pumzika, Mjomba. Mama Violet ni mzima, bado anaweka kiti chako mlangoni na hataki mtu akikalie. Mimi nakuahidi sitanyoosha jani tena. Na sketi yangu imejaa mbegu zako. Nitazibandua hapahapa, moja moja, kabla sijaenda nyumbani.

Mpwa wako,
Khasandi